Miruko 212 na Mkusanyiko wa Suti za Mabawa: Je, Hati ya Mwalimu Wangu Inatosha?

Swali: Nina leseni C na miruko 212 ya parachuti, na baada ya miezi miwili kuna mkusanyiko mkubwa wa warukaji wa suti za mabawa, yaani mavazi yanayomwezesha mrukaji kusafiri mbele angani kabla ya kufungua parachuti, ambao ningependa kuhudhuria. Sijawahi kuvaa suti hiyo. Mwalimu aliyenifundisha kuruka, mwenye hati ya ukufunzi wa AFF (mafunzo ya haraka ya kuruka, ambamo mkufunzi huanguka pamoja na mwanafunzi) na miruko zaidi ya 3,000, amejitolea kunifundisha asubuhi ya siku ya kwanza ili mchana niruke na wenzangu, ingawa yeye mwenyewe ameruka na mabawa mara ishirini hivi. Je, hati yake inatosha? Na kwa kuwa nami ninataka kuwa mkufunzi, je, dakika nyingi ninazoweza kukaa angani na mabawa zitanifikisha huko upesi zaidi?

Jibu: Ndugu muulizaji, nianze na lililo jepesi. Kanuni za msingi za usalama za Chama cha Parachuti cha Marekani, USPA, zinamtaka mtu anayeruka na suti ya mabawa awe na miruko isiyopungua 200 na leseni iliyo hai. Wewe unayo 212, kwa hiyo kwa hesabu mlango uko wazi. Kuhusu mwalimu wako, jibu langu ni hapana: hati aliyo nayo ni ya kazi nyingine, na miruko ishirini ya mabawa inamfanya kuwa mwanafunzi aliyekutangulia hatua chache. Kwenye mkusanyiko unaweza kwenda, lakini kwa mpango ulio tofauti na huu mliopanga.

Ili uone kwa nini ninasema hivyo, tazama kwanza hati hizi zinapima nini. Leseni za USPA zinapanda kwa idadi ya miruko pamoja na mitihani yake: A huanzia miruko 25, B 50, C 200 na D 500. Ngazi ya kwanza ya ufundishaji, yaani kocha, humtaka mtu awe na leseni B na miruko 100. Mkufunzi wa AFF, yule anayeshuka na mwanafunzi akiwa amemshika kwenye mikanda, hupimwa kwa namna nyingine: pamoja na leseni C, anatakiwa awe amekusanya saa sita za mwanguko huru, yaani muda wa kuanguka kabla ya parachuti kufunguka. Mkufunzi wa tandemu, anayefungwa pamoja na abiria, hubanwa na kanuni za serikali ya Marekani zenyewe, ambazo zinamtaka awe na uzoefu wa miaka mitatu katika urukaji wa parachuti, miruko 500 kwa parachuti za mstatili, leseni ya juu kabisa, na awe amemaliza kozi ya tandemu. Ukiziangalia tarakimu hizi kwa pamoja utagundua kwamba hakuna hata moja inayotaja mabawa, na si kwa kusahau.

Saa sita za AFF zina maana yake. Mruko wa kawaida kutoka mita 4,000 hukupa sekunde 50 hadi 60 za kuanguka kabla ya kufungua, hivyo saa sita ni kama miruko 360 hadi 430 ya mtu aliyekuwa akianguka kwa tumbo au kwa namna nyingine ya wima, akijifunza kusogea mbele, nyuma, juu na chini kwa kubadilisha mkunjo wa goti au kiwiko tu. Katika mtihani, mtahini hujifanya mwanafunzi aliyepotewa na akili: anajigeuza chali, anaanza kuzunguka kama pia, anapuuza ishara zote za mkono. Mgombea anatakiwa amfuate kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, amkamate, amsimamishe, na ikilazimu amfungulie parachuti kabla ya urefu uliowekwa. Ni ustadi mgumu, na mwalimu wako bila shaka anao, lakini ni ustadi wa mtu ambaye mikono na miguu yake iko huru na ambaye hewa inampiga kutoka chini.

Hapo ndipo sehemu ya mwisho ya swali lako inapojibika pia. Ukiwa na mabawa, mruko uleule wa mita 4,000 unaweza kukupa dakika mbili hadi tatu za kuruka. Mtu akitaka kukimbiza saa sita kwa njia hiyo, kwa wastani wa dakika mbili na nusu atazifikisha kabla ya mruko wa 150. Daftari litasoma vizuri, lakini siku atakapokabidhiwa mtahini anayezunguka chini yake, mwili wake hautajua la kufanya, kwa sababu dakika zile zote alikuwa akisafiri mbele kwa kuegemea hewa na hakuwa akijifunza kumfuata mtu anayedondoka. Kama unautaka ukufunzi wa AFF kwa dhati, weka miruko yako ya tumbo katika safu yake daftarini, na ya mabawa katika safu yake, na ujihesabie zile za kwanza peke yake. Nimewaona watu wawili wazuri sana wa mabawa wakirudishwa nyumbani kutoka kozi ya AFF siku ya pili, na wote wawili walikuwa na saa za kutosha kwenye karatasi.

Sasa turudi kwa mabawa yenyewe. Suti ya mabawa ni vazi la kitambaa lenye vyumba vya hewa kati ya mikono na kiwiliwili na kati ya miguu. Hewa huingia kwa matundu ya mbele, kitambaa kinatuna na kukaza, na mwili unageuka kuwa bawa moja. Kasi ya kushuka hupungua hadi nusu ya ile ya kawaida, na kwa mrukaji mzuri hushuka chini ya hapo. Kasi ya kwenda mbele huzidi kilomita 150 kwa saa. Kwa kila mita moja ya kushuka, mrukaji wa kawaida husafiri mbele mita mbili na kitu, na hodari mwenye suti kubwa hufikia tatu. Vazi hili kwa umbo lake la sasa lilitokana na kazi ya Mfaransa Patrick de Gayardon katika miaka ya 1990, ambaye alifariki Hawaii mwaka 1998 akijaribu mabadiliko aliyokuwa ameyafanya kwenye vifaa vyake. Mwaka uliofuata Jari Kuosma wa Finland na Robert Pečnik wa Kroatia walianzisha kampuni ya BirdMan, wakaanza kuuza suti kwa umma. Pamoja na kuuza nguo, waliona ni lazima wauze mafunzo, kwa hiyo wakaandaa mpango wa kuwafundisha walimu. Ndiyo sababu hadi leo hati za kufundisha mabawa hutolewa zaidi na watengenezaji wa suti na shule za mabawa, huku USPA ikiweka silabasi ya mruko wa kwanza katika mwongozo wake na kuacha mabawa nje ya orodha ya hati zake za ukufunzi.

Kwa hiyo usimuulize anayetaka kukufundisha ameruka mara ngapi kwa jumla. Muulize ameruka na mabawa mara ngapi, amewafundisha wangapi mruko wa kwanza, nani alimfundisha kufundisha, na ni lini mara ya mwisho mwanafunzi wake alizunguka hewani na akafanya nini. Mtu anayestahili hatakasirikia maswali hayo. Wengi wao hupenda kuyajibu kuliko mwanafunzi anavyopenda kuyauliza.

Ninataka ukae nami kidogo kwenye jambo moja la chini kabisa, kabla hata ya kupanda ndege, kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri pengo la mwalimu wako. Suti ya mabawa huunganishwa na mkoba wa parachuti kabla ya kuvaliwa, kisha unauvaa mzigo wote kwa pamoja kama koti zito. Mikanda miwili ya mapaja, ambayo ndiyo inayokuzuia usichomoke kwenye mkoba parachuti inapofunguka, inabaki ndani ya suti, chini ya kitambaa. Katika mruko wa kawaida, mkanda usiofungwa huonekana ukining'inia, na ukitembea unausikia. Ndani ya suti hauonekani, na kitambaa kinachobana mapaja kinakudanganya kwamba umefungwa. Watu wamekufa kwa kosa hili, wakiwamo wazoefu. Mimi mwenyewe nilimsimamisha mrukaji mmoja kwenye foleni ya kupandia ndege, nikaingiza mkono ndani ya zipu ya mguu wake wa kushoto, nikautoa mkanda ukiwa mlegevu kabisa mkononi mwangu. Alikuwa na miruko zaidi ya elfu. Alisema alikuwa amevikagua vifaa vyake, na ninaamini alivikagua, ila kwa macho. Mwalimu wa mabawa hukufundisha kufunga mikanda ya mapaja kwanza, kuivuta kwa mkono, kisha ndipo zipu ipande, na atakushika tena mapajani mara mbili kabla ya mlango wa ndege kufunguliwa. Mwalimu wa AFF aliyezoea suti za kawaida anaweza kuyasoma haya mahali, lakini mkono wake haujazoea kwenda huko wenyewe.

Ndani ya ndege mambo huendelea kubadilika. Mlangoni huwezi kutoka umetanua mabawa, kwa sababu hewa itakuinua na kukutupa kwenye mkia wa ndege. Unatoka umefunga mikono na miguu, unahesabu sekunde moja au mbili, ndipo unafungua. Ukifungua bila ulinganifu unaweza kuingia katika mzunguko, na mzunguko wa mabawa una nguvu ya kumchanganya mtu hadi asijue juu ni wapi. Dawa yake ni kinyume cha kile ambacho miruko 212 imeuzoesha mwili wako. Ulifundishwa kupinda mgongo na kutanua viungo ili utulie. Hapa unajikunja, unaziua mbawa zote kwa kukusanya mikono na magoti, unangoja mzunguko ufe, kisha unafungua upya. Kama hujauzoea mwendo huo chini, ukiwa umelala kwenye kiubao cha magurudumu au umening'inizwa kwenye mikanda, mwili utarudia ule wa zamani na kuuongezea mzunguko nguvu.

Kufungua parachuti nako kuna kanuni zake. Nyuma ya mgongo wa mtu mwenye mabawa kuna eneo kubwa la hewa iliyovurugika, na parachuti ndogo ya kuvutia ikitupwa ndani ya eneo hilo inaweza kucheza hapo bila kushika upepo. Ndiyo maana watu wa mabawa hutumia utepe mrefu zaidi kati ya parachuti hiyo ndogo na mkoba, na mwavuli mkuu, yaani parachuti yenyewe, ulio mkubwa, mpole, usio na pupa ya kugeuka. Ukitupa mkono mmoja kabla ya mwingine, bega linashuka, mwavuli unafunguka ukiwa umeinama, na kamba zinasokotana. Mikono yako, kumbuka, bado imefungwa ndani ya mabawa. Unafungua zipu kwanza ndipo uifikie mishikio ya kuongozea. Muda huo wote unapoteza urefu. Ndiyo sababu silabasi ya mruko wa kwanza humtaka mwanafunzi aanze kufungua kwenye futi 5,500, yaani karibu mita 1,700, ilhali kiwango cha chini kwa mwenye leseni C katika mruko wa kawaida ni futi 2,500.

Kisha kuna kile kifaa kidogo kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe iwapo mrukaji amepoteza fahamu. Wengi hukitegemea bila kujua kinavyofanya maamuzi. Aina moja ya kifaa hicho, CYPRES ya kawaida ya warukaji wazoefu, hufanya kazi pale tu mtu anaposhuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde akiwa kwenye mita 225 hivi juu ya ardhi. Mtu mwenye mabawa yaliyotuna, hata akiwa amezimia, anaweza kushuka polepole kuliko hapo hadi anagusa ardhi, na kifaa kikamhesabu kuwa yuko salama chini ya mwavuli. Zipo hali maalumu za kifaa hicho zilizotengenezwa kwa ajili ya mabawa, na ni jukumu lako kujua kilicho mkobani mwako ni cha aina gani.

Sasa mkusanyiko. Ninapenda mikusanyiko hii, na sitaki uisikie kama mahali pa kuogopwa. Ndipo utakapokutana na makocha wengi kwa wakati mmoja, watengenezaji wanaoazimisha suti za kujaribu, na watu wenye subira ya kukaa nawe jioni wakiitazama video yako. Lakini kinachovutia macho ni makundi: watu ishirini, thelathini, wakisafiri pamoja kama ndege wa angani. Mwaka 2009 huko Lake Elsinore, California, walikusanyika 68 katika umbo moja. Mwaka 2012 huko Perris, pia California, wakafika 100. Kisha FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, likaja na vigezo vikali zaidi vya nafasi ya kila mmoja ndani ya umbo, na rekodi iliyopatikana chini ya vigezo hivyo mwaka 2015 ilikuwa ya watu 61. Idadi ilipungua kwa sababu kilichopimwa kilikuwa usahihi.

Usahihi huo ndio usio nao siku ya kwanza. Katika kundi, anayeongoza huchagua kasi na mteremko, na kila mmoja hulazimika kulingana naye. Mgeni mwenye suti ndogo ya kujifunzia akizama mita thelathini chini ya kundi hana njia rahisi ya kupanda tena, na mgeni aliyeachwa juu na nyuma hufanya kosa baya zaidi: anakunja mabawa, anapiga mbizi kuwafuata, anafika akiwa na kasi asiyojua kuipunguza. Mgongano wa namna hiyo huvunja mifupa au kumzimisha mtu akiwa bado angani, na nimekwisha kukueleza kifaa cha dharura kinaweza kufanya nini au kutofanya nini. Wazoefu hukaribia kundi kutoka nyuma na pembeni, wakiwa katika usawa uleule, polepole, wakimwona kila mtu aliye kati yao na kiongozi.

Zaidi ya kundi lako, kuna anga la pamoja. Watu wa mabawa kwa kawaida hutoka ndegeni mwisho, kisha hupinda kuacha njia ya ndege, kundi moja kushoto na jingine kulia, na kurudi uwanjani kwa mstari uliokubaliwa chini. Anayepotea njia anaweza kujikuta katikati ya miavuli iliyokwisha kufunguka. Kanuni za USPA zinamkataza kupita ndani ya futi 500, yaani mita 150, za mwanafunzi au jozi ya tandemu iliyo chini ya mwavuli. Rubani naye ni sehemu ya mpango. Julai 2018, kusini mwa Ufaransa, mrukaji wa mabawa aliuawa baada ya kugongwa na bawa la ndege aliyotoka sekunde chache kabla, iliyokuwa ikishuka kurudi uwanjani. Mtu wa mabawa huwa bado yuko karibu na usawa wa ndege wakati mrukaji wa kawaida amekwisha kwenda zake chini. Kwa hiyo, kabla ya mruko wowote, hakikisha kuna mtu aliyezungumza na rubani kuhusu atakakoelekea baada ya nyinyi kutoka, na kama hakuna, wewe ndiye uulize.

Ushauri wangu ni kwamba utumie miezi miwili iliyobaki vizuri. Tafuta kocha wa mabawa sasa, ufanye mruko wa kwanza katika uwanja uliouzoea, siku tulivu, mkiwa wawili tu angani. Fanya miruko kumi au kumi na tano ya namna hiyo, katika suti ndogo, ukijifunza kutoka, kwenda pale ulipokusudia, kufungua ukiwa umenyooka na kurudi uwanjani bila kutembea. Mwalimu wako na akukague vifaa. Hilo analiweza kuliko wengi, mradi naye aonyeshwe mahali pa kuingiza mkono. Waandikie waandaaji mapema, uwaambie idadi ya miruko yako ya mabawa ilivyo, na uombe kuwekwa na kocha katika vikundi vya watu wawili au watatu. Muandaaji akikujibu kwamba watu hupangwa papo hapo kulingana na nafasi za ndege, bila kutaja nani atakagua uwezo wao, nenda utazame na ubakize suti begini. Na ikiwa siku hizo sitini hazitakupa hata miruko kumi kwa sababu ya hali ya hewa, basi nenda ukafanye hiyo iliyobaki hukohuko na kocha, uyaache makundi kwa mkusanyiko ujao.